Anayeonja Kwanza: Deni la Mtu Anayepima Maji

Kwetu Bibokoboko, na katika milima hii iliyo juu ya Baraka, mwenye nyumba hampi mgeni pombe bila kuonja kwanza. Anamimina, anakunywa kidogo mbele ya macho ya mgeni, kiisha anapitisha kikombe. Vijana wa leo wanafikiri ni uroho ao mchezo tu. Hapana. Katika nchi yetu, ambamo kifo cha ghafula hakikosi kutafutiwa mwenye sumu, kule kuonja ni kiapo kisicho na maneno: kama humu kuna kitu kibaya, kianze na mimi. Tunabishana juu ya mambo mengi, Wabembe, Wanyamulenge, Wafuliru na Wanyindu, lakini juu ya kikombe hicho hatujasikia ubishi.

Kwa maji ya kunywa desturi ilikuwa nyingine kidogo. Chemchemi ilikuwa na sheria yake: juu watu wanachota, chini wananawa na kufua, chini zaidi ng'ombe wanakunywa. Wafugaji walikuwa na iriba yao, na mchungaji aliyepitisha ng'ombe mahali pa kuchotea aliitwa mbele ya wazee. Mtoto aliyejisaidia karibu na maji alichapwa na mtu mzima yeyote aliyemwona, na mama yake hakuja kulalamika. Labo haikuwako, lakini mtu wa juu alijua kwamba ana deni kwa mtu wa chini.

Siku hizi kazi ya kuonja imeingia mikononi mwa mtu wa labo. Yeye ana deni gani, na kwa nani? Tunauliza juu ya jambo lililotupata wenyewe.

Kabla ya mwaka 2021, shirika moja lilimtuma kijana kupima maji ya huku juu. Sisi walimu tuliombwa tumwonyeshe chemchemi, tukaenda naye pamoja na wanafunzi wetu. Alikuwa kijana wa heshima, tena mwenye kujua kazi. Alinawa mikono, akafungua chupa yake safi bila kugusa mdomo wake kwa vidole, akaijaza, akaandika saa, akaitia katika kisanduku cha barafu. Mama mzee mmoja aliyekuja na bidoni yake alimtazama mpaka mwisho, kiisha akamwambia: «Mwanangu, unapima maji yetu bila kuonja? Onja kwanza.» Kijana akacheka kidogo: «Hapana mama, hii haipimwe na mdomo.» Mama akajibu: «Basi sisi tutakusadiki na nini?» Wanafunzi walicheka. Na sisi pia tulicheka, tunakiri.

Kijana alikuwa na haki. Ulimi haujui mikrobi. Mwaka 1854, kule London, kolera iliua watu wengi kandokando ya pampu moja ya Broad Street. Daktari John Snow alipofuatilia vifo nyumba kwa nyumba, alikuta kwamba mjane mmoja wa Hampstead, mbali na pale, amekufa pia. Mjane huyo alikuwa amehama mtaa ule, lakini alipenda utamu wa maji ya pampu ile kuliko mengine, akawa anatumiwa chupa nyumbani kwake. Kilichomuua ni maji aliyoyaona matamu kuliko yote.

Tena kuna aliyeonja na kupona, na kupona kwake hakukusaidia mtu. Mwezi wa 10 mwaka 1892, mwalimu mkubwa wa Munich, Max von Pettenkofer, alikunywa mchuzi wenye mikrobi ya kolera ili aonyeshe kwamba Robert Koch amekosea. Alikuwa na miaka 73. Aliharisha kidogo tu, akaona ameshinda. Lakini mwaka ule ule kolera iliua watu zaidi ya 8.000 katika mji wa Hamburg, uliokunywa maji ya mto bila kuyachuja. Altona, mji wa jirani uliochota mto ule ule chini ya Hamburg, pahali pachafu zaidi, ulikuwa na machujio ya mchanga, ukaponea. Pettenkofer alifanya sawasawa na mwenye nyumba wetu: alianza na mwili wake. Hakuwa mwongo wala mwoga. Alikosa tu.

Kwa hiyo labo inaonja kwa njia yake. Inapitisha mililita 100 za maji, nusu ya kikombe hivi, katika karatasi yenye matundu madogo sana, mikrobi inabaki juu ya karatasi. Inailisha, inaiweka katika joto la digri 44, na kesho yake kila mikrobi iliyokuwa hai imekuwa doa linaloonekana kwa jicho. Wanahesabu madoa. Mikrobi inayotafutwa, ile inayoitwa E. coli, inaishi katika matumbo ya watu na ya nyama wenye damu moto. Ikionekana, mavi yamefika katika maji (wasomaji watusamehe neno, lakini ndilo lenyewe). Shirika la Afya Duniani, OMS, linataka madoa hayo yawe sifuri. Tena maji hayangoji: labo inayataka ndani ya saa 6, na yakipita saa 24 hesabu haiaminiki tena. Kwa mtu anayeteremka kutoka kwetu na njia hizi tunazozijua, hilo peke yake ni mtihani.

Lakini yule mama pia alikuwa na haki, na hapo ndipo tulipocheka vibaya. Yeye hakuuliza juu ya ulimi. Aliuliza juu ya kiapo. Mwenye nyumba akionja, amejiweka katika hatari moja na mgeni. Mtu wa labo hanywi; anafunga kisanduku, anapanda pikipiki, na usiku huo anakunywa maji mengine. Hana mwili katika jambo lile. Amebaki na kitu kimoja tu cha kuweka pahali pa mwili wake, nacho ni neno lake: kwamba atarudi na jibu, jema ao baya, na kulileta kwanza kwa wale wanaokunywa.

Kijana hakurudi. Jibu halikuja. Labda liliandikwa katika raporo, labda raporo ilisomwa katika ofisi fulani yenye maji ya chupa mezani. Hatumlaumu yeye peke yake. Mtu anayetumwa anarudi kwa aliyemtuma. Ila tunasema wazi maoni yetu: kuchota maji ya watu, kuyapima, na kukaa kimya, ni kama kupokea kikombe na kuondoka nacho.

Wako watakaotuambia: «Mwalimu, ukiwaambia watu maji ni mabaya na hawana mengine, umewasaidia nini? Umewatia hofu tu.» Neno hili si la kudharau. Utafiti mmoja juu ya mji wa Uvira, uliofuata miaka 2009 mpaka 2014 na kuchapishwa mwaka 2015, ulionyesha kwamba maji ya bomba yakikatika, wagonjwa wanaofika na dalili za kolera wanaongezeka katika siku 12 zinazofuata. Kumbe kufunga maji kunaweza kuua sawa na kunywesha mabaya, juu mwenye kiu hakai, anateremka ziwani ao mtoni. Mtu wa labo anayesema «msinywe» na kuondoka amesema nusu. Nusu ya pili ni: chemsheni, na huku juu mlimani, ambako maji yanachemka kabla ya kufika digri 100, yaacheni yatokote dakika 3 kamili; ao tieni klori mngoje nusu saa; na kama hamna kuni wala klori, jazeni chupa nyeupe ya plastiki maji yasiyo na tope, muilaze juani saa 6, na kama mawingu ni mengi, siku 2. Ukweli huo ndio unaoweza kubebwa nyumbani pamoja na bidoni. Kuficha, kwetu, hakuhesabiki kama huruma. Ni kumchagulia mtu mzima juu ya mwili wa mtoto wake bila kumuuliza.

Liko jambo lingine, nalo ndilo linalotusumbua zaidi, juu ni la kwetu hasa. Labo inasema kuna mavi. Haisemi ya nani. Kipimo tulichoeleza hakitenganishi ng'ombe na mbuzi wala mtu na mtu. Sasa peleka karatasi ya namna hiyo katika milima ambamo wenye jembe na wenye ng'ombe wameishi miaka mingi wakitazamana. Mmoja atasema: ni ng'ombe wao. Mwingine atasema: ni wao wanaojisaidia katika mashamba juu ya chemchemi. Jioni neno litakuwa limekwisha geuka: «wanatulisha sumu.» Tunajua sisi sote neno kama hilo linafika wapi. Mwezi wa 10 mwaka 2021 watu wengi wa Bibokoboko walikimbia makwao, nyumba zikachomwa, na hatusemi sababu ilikuwa maji. Tunasema tu kwamba huku kwetu hata hesabu ya madoa inaweza kuokotwa kama jiwe.

Je, basi anyamaze? Tulifikiri hivyo zamani, tena tukaona ni busara. Leo hatufikiri hivyo. Jibu lililofichwa halikai kimya. Linatoka kwa mnong'ono, nusu nusu, na mnong'ono ndio unaochagua mkosaji. Afadhali jibu lisomwe palepale chemchemini, wote wakiwapo, wenye jembe na wenye fimbo, machifu wa huku na wa huko, na msomaji aseme kwa sauti ileile yale mawili: kipimo kimeona nini, na hakiwezi kujua nini. Hili la pili linawatia watu wa masomo haya. Sisi walimu tunajua haya hiyo: mwanafunzi anauliza, hujui, unakohoa. Lakini kwa mtu anayepima maji, «hapo sijui» ni sehemu ya jibu, na akiiacha, wengine wataijaza kwa majina ya jirani.

Yule mama alikuwa akituuliza kila siku ya soko: «Mwalimu, jibu iko wapi?» Hakumuuliza kijana, hakujua hata jina lake. Alituuliza sisi, juu ni sisi tuliomleta mgeni kwenye maji yake. Mwanzoni tulimwambia litakuja. Baadaye tukaanza kupita upande mwingine wa soko.

Tulikutana naye tena Baraka, baada ya watu kukimbia. Alikuwa anapanda kutoka ziwani na bidoni kichwani. Tulisalimiana vizuri, akauliza habari za watoto, na ya maji hakuuliza tena.