Maji Yasiyozoleka

Watu wengi hudhani kwamba sauti ya msanii ni kitu alichozaliwa nacho, kimefichika ndani yake kama lulu ndani ya chaza, na kwamba kazi yake ni kupiga mbizi mpaka aipate. Mimi siafiki. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikichezea rangi za maji, na nasema nikichezea kwa makusudi, na mchezo huo umeniingiza katika imani nyingine: kwamba sauti hujengeka kidogo kidogo kutokana na maamuzi ambayo mtu huyafanya asipotazamwa. Nikisema sauti namaanisha kile kinachomfanya msikilizaji amtambue Siti binti Saad katika santuri kabla hajaambiwa nani anaimba. Lakini nyuma ya imani hiyo kuna swali linalonisumbua zaidi. Je, mtu mzima, mwenye ada za shule za kulipa na wagonjwa wa kutazama, ana haki ya kukaa akicheza?

Kwanza nizieleze rangi zenyewe, maana tabia yake ndiyo chanzo cha fikra zote hizi. Rangi ya maji ni unga wa rangi uliochanganywa na gundi itokayo kwenye miti ya migunga, ambayo kwa sehemu kubwa huvunwa Sudan. Ukiigusa kwa brashi yenye maji inayeyuka. Maji yakikauka inashika karatasi. Ni hayo tu, lakini ndani yake mna matata mengi. Mchoraji wa rangi za mafuta asiporidhika hufunika alichokifanya kwa tabaka jingine. Wa rangi za maji hana pa kuficha, kwa sababu rangi yake hupitisha mwanga, na kilichowekwa chini huonekana juu. Weupe wake ni karatasi yenyewe, akishaufunika umekwenda. Kwa hiyo hulazimika kufikiri kinyumenyume, aamue mapema mahali ambapo hatagusa. (Wako wanaotumia rangi nyeupe nzito kuokoa hali. Siwalaumu, ila wanajinyima utamu.) Wazee walisema maji yakimwagika hayazoleki. Hapa humwagwa makusudi.

Aidha, maji yana matakwa yake. Tone likidondokea rangi iliyokauka nusu, husukuma chembe za rangi pembeni na kuacha doa lenye kingo za mikunjo ambalo hukulitaka. Hali ya hewa nayo ina neno. Dar es Salaam mwezi wa Aprili, masika yakishika, karatasi hubaki mbichi hata ukaenda kunywa chai ukarudi. Dodoma mwezi wa Septemba mstari hukauka kabla hujaufikisha mwisho. Kuziamrisha rangi za namna hii kama nyapara ni kujitafutia maradhi ya moyo. Zinataka mtu anayecheza, na kucheza si kufanya ovyo. Watazame watoto kwenye rede: sheria ni kali na mvunja sheria hutolewa nje. Tofauti ya mchezo na kazi ni kwamba mchezoni hakuna anayekudai matokeo.

Mchezo wangu una sheria chache. Brashi moja, rangi mbili, karatasi isiyozidi ukubwa wa kadi ya posta, robo saa, na picha haipewi jina mpaka ikauke. Baada ya miezi michache nilizitandaza sakafuni zote pamoja. Nikaona jambo ambalo sikulipanga: karibu kila karatasi mbingu ilikuwa ukanda mwembamba kule juu, na chini imeachwa nafasi pana, nyeupe, haina kitu. Hakuna aliyenifundisha hivyo. Huenda ni kwa sababu nilikulia machungani, na mchungaji hutazama ardhi, akifuata nyayo, kuliko anavyotazama mbingu. Huenda si hivyo. Nilichokuwa na hakika nacho ni kwamba ule mkono ulikuwa wangu, na kwamba nisingeuona katika picha moja niliyoihangaikia mwezi mzima.

Mwezi wa Aprili 1914 wachoraji Paul Klee, August Macke na Louis Moilliet walisafiri pamoja kwenda Tunisia. Klee alikuwa na miaka 34, na mpaka hapo nguvu yake kubwa ilikuwa katika mistari. Huko Tunis, Hammamet na Kairouan alipaka rangi za maji, akaanza kuyagawa mandhari katika miraba ya rangi ambayo leo tunamtambua kwayo. Macke alikuwa naye katika miji ileile, chini ya jua lilelile, lakini picha zake ni za Macke. Safari yenyewe haikutimia hata mwezi. Septemba ya mwaka huo Macke aliuawa vitani Ufaransa akiwa na miaka 27.

Je, kuiga kunaua sauti? Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu na mmoja wa waanzilishi wa Paa ya Paa ya Nairobi mwaka 1965, alikataza kunakili kwa ukali wa kidini kabisa. Namheshimu, ila sikubaliani naye kwa yote. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya mbao za dari, na akafariki mwaka 1972. Wanafunzi wake, wengi wao ndugu zake, walianza kwa kumwiga, na baadhi yao mikono yao ikaja kutofautiana. Mtoto naye hujifunza kusema kwa kuiga kinywa cha mama yake. Hatari naiona baadaye, pale mnunuzi anapotaka chui yuleyule wa jana na mchoraji akawa hana saa hata moja ya kuchora asichoagizwa.

Shemeji yangu, mtu wa biashara, alizikuta karatasi zangu zimetandazwa. "Sasa shemeji, hizi utamwuzia nani?" Nikamwambia simwuzii mtu. "Basi unazichorea nini?"

Swali lake si la kijinga. Karatasi nzuri ni ghali, na ile robo saa ningeweza kuitumia kwa jambo la kuleta fedha. Nilimjibu kwa mfano wa barua za ofisini, maana nimeziandika nusu ya umri wangu. Barua hizo huanza, "Nimeagizwa nikujulishe kwamba." Mtu akiandika hivyo kwa miaka 30, siku akisimamishwa kwenye mkutano wa mtaa aseme yeye mwenyewe anaonaje, hugeuka kumtafuta aliyemwagiza. Nimewaona watu wa namna hiyo. Ni watu wema na hawana la kusema. Kuamua peke yako mahali pa kuweka bluu ni jambo dogo, lakini ni uamuzi ambao hukuagizwa.

Sisemi kwamba kila mwenye mkono huru ana dhamiri huru. Emil Nolde wa Ujerumani alizimudu rangi za maji kuliko wengi. Wanazi walizitoa kazi zake zaidi ya 1,000 katika majumba ya makumbusho mwaka 1937, na hata hivyo mwenyewe alikuwa mwanachama wa chama chao. Jambo hilo sina namna ya kulilainisha, na shemeji alipolisikia alicheka sana.

Kisha akainama, akachukua karatasi moja, akaigeuza juu chini: mbingu ikawa pana na ardhi kidogo. Akasema hivyo ndivyo ilivyopaswa kuwa tangu mwanzo, akaikunja ndani ya gazeti na kuondoka nayo.