Neno la Kutia Moyo Lisiwe Uongo



Mara nyingi tunafundishwa ya kwamba Mkristo anapaswa kusema maneno mema, ya kujenga na si ya kubomoa. Mtume Paulo aliwaandikia Waefeso jambo hilo (Waefeso 4:29), na hakuna mtu kati yetu anayelikataa. Lakini sisi mashemasi, tunaokwenda kutembelea wagonjwa, wafiwa na wale waliokimbia vita, tunakutana na swali lisilo rahisi. Mtu aliye katika taabu anakutazama usoni na kuuliza: «Shemasi, tutarudi kwetu lini?» Je, ukimjibu «Karibu mtarudi, muwe na imani tu», na wewe hujui kitu, umemtia moyo ao umemdanganya?

Juu ya maneno mabaya hatuna haja ya kusema mengi. Watu wa Goma tumeona kazi yake. Sisi tuliokuwa watoto mwaka wa 1994 tuliona mamia ya maelfu ya watu wakivuka mpaka kutoka Rwanda, mwezi wa saba, baada ya mauaji ambayo redio RTLM iliyachochea kwa kuita wanadamu mende. Mwaka wa 2003 mahakama ya kimataifa kule Arusha iliwahukumu wakubwa wawili wa redio hiyo. Na hapa kwetu Kivu tunajua jina moja la dharau, likitupiwa jirani sokoni, linaweza kufika wapi. Hilo liko wazi hata kwa mtoto. Lakini neno tamu la uongo halina mahakama. Anayelisema anapewa asante, na mara nyingine anapewa na sadaka.

Tusome Yeremia sura ya 28. Watu wa Yuda walikuwa wamechukuliwa uhamishoni Babeli, na wale waliobaki walikuwa na hamu ya kusikia habari njema. Basi akatokea Hanania, akasimama ndani ya hekalu mbele ya makuhani na watu wote, akatangaza kwamba kabla ya miaka miwili kwisha kila kitu kitarudi: vyombo vya hekalu, mfalme, na watu wote. Fikirini furaha iliyokuwa pale! Sisi tungekuwepo, tungepiga makofi. Yeremia mwenyewe alijibu Amina. Hakumtukana mwenzake, alitamani iwe hivyo. Lakini Hanania alipovunja ile nira ya mti iliyokuwa shingoni mwa Yeremia, Bwana akamtuma Yeremia amwambie kosa lake. Kosa hilo ni nini? Si kwamba alisema maneno makali. Ni kwamba aliwafanya watu kutumaini uongo. Hanania alikuwa mtu wa maneno mazuri kabisa.

Wandugu, sisi ni watu wa kanisa la unabii, kwa hiyo mambo haya yanatugusa kuliko wengine. Tunamfahamu mama mmoja aliyetoka upande wa Masisi akakaa katika kambi ya Bulengo na watoto wanne. Mwisho wa mwaka wa 2023 mtu mmoja aliyejiita nabii alimwambia kwamba Pasaka itamkuta nyumbani kwake. (Hakuwa wa kanisa letu, lakini hilo lisitufanye tujivune.) Mama alishangilia. Alikataa kuwapeleka watoto masomoni, akisema watasomea kwao. Bidoni moja na sufuria kubwa akampa jirani, ili asibebe mizigo mingi njiani. Mwezi wa pili wa 2024 vita vikawaka karibu na Sake, na watu wengine kwa maelfu wakaja Goma na vitanda kichwani. Pasaka ikafika mwisho wa mwezi wa tatu. Mama alikuwa bado chini ya hema lile lile, sasa bila sufuria.

Na hapo ndipo tuone ubaya wa jambo lenyewe. Mama hakusema, «Yule mtu alinidanganya.» Alisema, «Imani yangu ilikuwa ndogo.» Alianza kutafuta dhambi yake iko wapi. Mwenye kusema neno tamu alikuwa amekwisha kwenda zake na shukrani zake, na deni likabaki juu ya mwenye kuteswa. Kwa maoni yetu, hiki ndicho kipimo cha neno la faraja: likikosa kutimia, nani analipa? Kama ni yule aliyelia, halikuwa faraja. Lilikuwa mzigo uliopakwa sukari.

Mtu atasema: Basi tuseme ukweli wote, hata ukiuma! Ndiyo, lakini kuna watu wanaotumia ukweli, ao kile wanachokiita ukweli, kama fimbo. Mnakumbuka tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002. Nyiragongo ilipasuka, moto ukafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ukapita katikati ya mji wetu mpaka ziwani. Watu walirudi wakakuta parseli zao chini ya mawe meusi yenye kutoa moshi. Na tulisikia wahubiri wakiwaambia watu hao kwamba mji umechomwa kwa sababu ya dhambi zao. Walijuaje? Bwana Yesu alipotaja watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara kule Siloamu, alikataa kabisa kusema kwamba walikuwa wabaya kuliko wengine (Luka 13:4-5). Rafiki za Yobu nao walikuja vizuri. Walikaa naye chini siku saba mchana na usiku, bila kusema neno (Yobu 2:13). Laiti wangerudi kwao siku ya nane! Walipofungua kinywa ndipo walipoharibu, kwa sababu kila mmoja alitaka kumwonyesha Yobu kwamba ni kosa lake.

Kwa hiyo yule anayeahidi asichokijua na yule anayehukumu asichokijua ni ndugu. Wote wawili wanaogopa kukaa karibu na mtu asiye na jibu.

Yeremia alifanya tofauti. Fungueni sura ya 29, ambayo wengi wetu tunaijua kwa mstari mmoja tu, ule wa kumi na moja, tunaouandika ukutani. Ni barua kwa watu wa uhamishoni. Anawaambia kwamba miaka itakuwa sabini. Neno zito hilo! Lakini hapo hapo anawaambia wajenge nyumba, walime bustani, waoze watoto, na wauombee amani mji walimo. Ahadi ya kurudi haikufutwa. Kilichofutwa ni tarehe ya uongo, ili watu wapate nguvu ya kuishi leo. Hatusemi kwamba watu wa Masisi ao Rutshuru wasahau kwao, hapana. Tunasema mtoto aandikishwe masomo hata kama tunaomba kurudi kesho.

Katika kanisa letu tuna maneno matatu tuliyoyajua tangu utoto: Upendo, Amri, Kazi. Kazi ipo, haikusahauliwa. Papa Simon Kimbangu alifungwa mwaka wa 1921, akafa gerezani Elisabethville mwaka wa 1951, miaka thelathini mbali na nyumba yake. Wakati huo wote Mama Marie Muilu aliwashikilia waaminifu kwa siri. Alikufa mwezi wa nne 1959, na kanisa lilipewa ruhusa na serikali mwezi wa kumi na mbili wa mwaka ule ule. Siku ile hakuiona. Lakini waliotiwa moyo naye waliiona, kwa kuwa kazi yake ya kila siku haikungoja tarehe.

Yakobo naye anatukataza kumwambia mtu aende kwa amani, aote moto na kushiba, bila kumpa kitu (Yakobo 2:15-16). Mwezi wa tano 2021, Nyiragongo ilipopasuka tena na serikali ikaamuru mitaa kumi ya Goma ihamwe, wengi wetu tulikimbilia Sake kwa miguu. Watu wa Sake walisema «Karibuni», na ile «karibuni» ilikuwa na mkeka ndani yake, na sahani ya maharagi. Mwaka wa 2024 ni wao waliokuja kwetu. Hapo kila nyumba ilijua yenyewe ilisema neno gani mlangoni.

Turudi kwa manabii wetu na wote wanaosimama siku ya Yenga kutoa maono. Mtume Paulo ameagiza manabii waseme, na wengine wapime (1 Wakorintho 14:29). Hatuoni sababu kwa nini ono lenye tarehe, linalohusu nyumba ya mtu, ndoa yake ao ugonjwa wake, litangazwe mbele ya wazee kulipima. Wengine watasema tunamzimisha Roho. Roho wa kweli hakimbii kipimo.

Yule mama wa Bulengo aliendelea kuuliza swali lake kwa kila mgeni. Siku moja mama wa kanisa letu, mtu asiyejua kuhubiri hata kidogo, alimjibu: «Sijui, dada. Lakini siku ya nne nitakuja na unga, tufue vikwembe pamoja.» Alikuja. Juma lililofuata akaja tena, na sufuria mkononi. Mwezi wa tisa watoto wawili walianza masomo. Kambi zilipovunjwa mwezi wa pili 2025, mama akafunga mizigo kurudi upande wa Masisi, bila kujua atakuta nini kule. Hakuomba aombewe na nabii. Alimwomba yule rafiki yake amsindikize mpaka Sake, naye akamsindikiza.