Geuza Jani

Kiangazi hiki sukuma zangu huku Mogotio zilijikunja. Nilinyunyizia majivu juu ya majani, nikaomba, nikakemea. Wapi! Mama jirani akageuza jani moja: vidukari wamejaa chini, wananyonya utomvu.

"Pasta, dawa yako haijawafikia."

Tukachanganya maji na sabuni kidogo, tukanyunyizia upande wa chini, jioni, jua likishapoa.

Wapendwa, usiku huo sikulala. Miaka 3 nimehubiri msamaha, na ndugu yangu simpigii simu kwa ajili ya shamba la baba. Juu juu nilionekana nimeokoka sawasawa. Kulipokucha nikampigia.

Soma Wimbo Ulio Bora 2:15. Kisha nawe ugeuze jani, leo. Amina.