Pampu Inanyonya Wapi?

Ukilipa bili yako ya maji kila mwezi bila deni, je, una haki ya kuyavuta kwa nguvu kuliko jirani yako? Swali hili huonekana dogo mpaka siku unapokarabati bafu. Tailizi zimepigwa, sinki jipya limefungwa, shawa inang'aa ukutani. Unafungua, na maji yanayotoka hayafiki hata begani. Fundi anajipangusa mikono na kukupa jibu la neno moja: pampu.

Kabla hatujafika kwenye pampu, tuelewane kwanza presha ni nini. Maji ya kutoka kwenye tangi husukumwa na uzito wa maji yenyewe. Kila mita moja ya kimo kati ya tangi na kichwa cha shawa hukupa takriban baa 0.1, na hapa nasema kipimo cha presha, si ile baa ya pombe. Tangi likiwa mita mbili juu ya shawa, una baa 0.2 tu. Zile shawa pana zinazouzwa na picha ya mvua kwenye boksi zimetengenezewa presha kubwa kuliko hiyo mara kadhaa. Ndiyo sababu kwenye fleti yenye tangi paani, mtu wa ghorofa ya chini anaoga vizuri na wa ghorofa ya mwisho anahesabu matone.

Halafu kuna vizuizi. Paipu nyembamba, kona nyingi, valvu ambayo haijafunguka yote, ukoko mweupe wa chumvi ulioziba vitundu vya shawa, hasa kama mnatumia maji ya kisima. Mengi ya haya yanatibika kwa bei nafuu. Loweka kichwa cha shawa kwenye siki usiku kucha. Kama ukuta tayari umebomolewa, toa paipu ya nusu inchi uweke ya robo tatu, na upunguze kona. Inua tangi. Kazi hizi hazina mjadala wa maadili, kwa sababu unaondoa kinachozuia maji ambayo tayari ni yako.

Mjadala unaanza pale unapotaka kuyafuata maji kabla hayajafika kwako.

Shangazi yangu anaishi Eastlands, na mwaka jana alikarabati bafu kwa sababu moja. Shosho alikuwa amehamia kwake baada ya kupooza upande mmoja. Hawezi kuinama kwenye karai. Anaoga akiwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, na shawa yenye nguvu ndiyo inayomwezesha kujiogesha bila kushikwashikwa na mtu mwingine. Kwa hivyo tusianze kwa kudhani kwamba presha ni anasa ya watu wa Runda. Kwa shosho, presha ni heshima.

Fundi alikuja, akaangalia, akasema, "Mama, hapa tunaweka pampu ya nusu hospawa kwa laini ya kanjo, pale baada tu ya mita. Siku ya maji ikifika, unavuta mpaka unajaza."

"Na majirani?" nikauliza.

"Majirani pia wako nazo, bro."

Nilimwambia Shangazi kwamba hiyo inakaribia kuwa wizi. Akanicheka. "Wizi aje na ninalipa? Mita si itasoma?"

Hoja yake ina uzito, lakini angalia mita inasoma nini. Inahesabu lita zilizoingia kwako. Haihesabu lita ambazo hazikufika nyumba ya mwisho kwenye laini kwa sababu wewe ulikuwa unavuta. Tunaishi kwa mgao. Maji yanakuja kwa saa chache, siku fulani. Wenye pampu wanajaza kwanza, na wakimaliza, saa nazo zimekwisha. Pesa zako umezilipa kwa kampuni, lakini aliyepata hasara ni mama wa nyumba ya mwisho, na yeye hajalipwa na mtu. Sasa itabidi anunue mtungi wa lita 20 kutoka kwa mwenye mkokoteni, kwa bei ya juu kuliko yako. Kulipa bili kunamaliza deni lako kwa kampuni. Hakumalizi deni lako kwake.

Nilikaa chuo kikuu muda wa kutosha kukutana na Immanuel Kant, ingawa sikukaa mpaka kuvaa joho. Mwaka 1785 aliandika kitabu ambamo anatutaka tupime tendo kwa kujiuliza kama tungekubali kanuni yake iwe ya kila mtu. Weka pampu kwenye kila nyumba ya mtaa basi. Zote zinavuta, foleni inabaki ile ile ya zamani, tofauti ni kwamba sasa kila mtu ana bili ya stima juu yake. Pampu inafaa tu ikiwa wengine hawana. Na kuna ubaya mwingine. Pampu ikinyonya laini isiyo na maji ya kutosha, presha ndani ya bomba inashuka chini ya ile ya nje. Palipo na ufa, tope linaingia, na kama mtaro wa maji taka uko karibu, unajua kitakachofuata. Ndiyo sababu kampuni nyingi za maji duniani hukataza pampu kufungwa moja kwa moja kwenye laini ya umma.

Nilimweleza Shangazi haya yote. Akanijibu kwa sentensi moja. "Sawa, lakini wote wanavuta. Mimi nikiwa mwema, atakayekosa kuoga ni mamangu."

Kant hakunisaidia hapo. Ni rahisi kuwa na msimamo kama gharama yake inaangukia mtu mwingine. Wema unaolipiwa na mgonjwa ambaye hakuulizwa si wema wa kujivunia. Yeyote anayewahubiria watu kuhusu pampu lazima ajibu hoja hii, la sivyo anyamaze.

Jibu lilipatikana tulipoacha kuuliza kama pampu ni nzuri au mbaya, tukauliza inanyonya wapi. Tangi la lita 1,000 liliwekwa chini uani, likijazwa na laini kwa mwendo wake wenyewe, na boya linafunga likijaa. Pampu ikafungwa kwenye tangi hilo, ikipandisha maji hadi tangi la pili juu ya mnara wa chuma. Pampu ni ile ile ya nusu hospawa, fundi ni yule yule. Lakini sasa inavuta maji yaliyokwisha kufika nyumbani, haiingizi mkono kwenye sahani ya jirani. Gharama iliongezeka, kwa hivyo tailizi ziliishia nusu ya ukuta na juu pakapigwa rangi tu. Shosho anaoga.

Sidai kwamba hilo linatuacha wasafi kabisa. Mwenye nafasi ya tangi la lita 10,000 bado atachota zaidi ya mpangaji wa chumba kimoja mwenye mitungi mitatu. Na presha yenyewe hunywa maji. Shawa ya lita 15 kwa dakika, ukioga dakika kumi, ni lita 150, yaani mitungi saba na nusu. Shirika la Afya Duniani linasema mtu anahitaji kati ya lita 50 na 100 kwa siku kwa mahitaji yake yote ya msingi. Kwa hivyo ukishapata nguvu unayotaka, swali la kiasi bado linakungoja hapo hapo bafuni.

Tena maji haya hayaanzi kwa laini ya mtaa. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka Murang'a, kwenye bwawa la Ndakaini lililokamilika mwaka 1994. Viongozi na wakazi wa huko wamelalamika mara nyingi kwamba mabomba yanapita kwao yakielekea mjini huku vijiji vyao vikikosa maji ya mfereji. Kwa macho ya mtu wa huko, Nairobi nzima ni jirani mwenye pampu. Tunapowanung'unikia wanaotuvutia maji mtaani, tukumbuke kuna mtu juu mlimani anatuangalia vivyo hivyo.

Kuna watu ambao waliwahi kulitatua swali hili bila pampu. Wamarakwet wa bonde la Kerio wana mifereji iliyochimbwa na mababu zao karne kadhaa zilizopita, inayoteremsha maji kutoka milimani hadi mashambani. Maji hugawanywa kwa zamu, na mfereji ukibomoka, watu wa ukoo wenye mfereji hutoka kuutengeneza. Si mfumo wa malaika, maana kwa desturi wanawake waliwekwa nje ya maamuzi yake. Lakini una jambo moja ambalo fleti zetu hazina: mfereji ukikauka, unakauka kwa wote, kwa hivyo wote wanapiga kelele.

Hapo ndipo pampu ya kwenye laini inapotuumiza zaidi, kuliko hata lita inazochukua. Mwenye pampu hana tena sababu ya kulalamika. Hatahudhuria mkutano wa wapangaji, hatapiga simu kwa kampuni, hatauliza mbona laini ya mtaa wa nyumba mia ina upana uliopangiwa nyumba ishirini. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Haki hiyo inadaiwa na wanaokosa. Kila pampu inapofungwa, sauti moja inatoka kwenye dai, na mara nyingi ni sauti ya mtu mwenye uwezo wa kusikilizwa.

Basi fundi akikuambia pampu, usimfukuze. Muulize inanyonya wapi. Akisema kwenye tangi lako, mwache afanye kazi. Akisema kwenye laini, mwambie angoje kidogo, kisha nenda ukabishe nyumba ya mwisho, uulize maji huwafikia saa ngapi. Ukipanga nyumba ya mtu na huna usemi juu ya paipu, bado unaweza kumuuliza landilodi swali hilo hilo, na ukimuuliza mkiwa wapangaji kumi atalijibu haraka zaidi.