Kipande cha Ini na Uhai wa Nafsi

Bismillahir Rahmanir Rahim. Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu Waislamu, kijana mmoja alitujia baada ya sala ya Alasiri akatuuliza: "Maalim, baba yangu ini lake limeharibika. Matabibu wa Bara Hindi wasema nikimpa kipande cha langu huenda akapona. Je, ni halali?" Tulimwambia asubiri tutazame vitabu. Tukakawia, na baba yake akafariki kabla hatujamjibu. Uhai na mauti vi mikononi mwa Mwenyezi Mungu, lakini uvivu ulikuwa wetu. Twaandika haya ili mwengine asikawizwe kama yeye.

Kwanza, hukumu. Baraza la Wanavyuoni Wakubwa la Saudia mwaka 1982, na Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu iliyokutana Jeddah mwaka 1988, wameruhusu jambo hili kwa masharti: mtoaji awe na akili timamu, atoe kwa hiari yake, asipatwe na madhara makubwa, wala kiungo kisiuzwe. Mwili ni amana, si bidhaa. Wako wanavyuoni waliokataza, nasi twawaheshimu. Lakini hoja ya kuhuisha nafsi, iliyo katika Suratul Maida aya ya 32, twaiona ina nguvu zaidi.

Pili, kazi yenyewe. Tabibu Thomas Starzl alijaribu kupandikiza ini huko Denver, Marekani, mwaka 1963, na mgonjwa wake akafa. Hakukata tamaa, mwaka 1967 alifaulu. Na Mwenyezi Mungu amelipa ini ajabu yake: likikatwa sehemu kwa aliye hai, hukua tena kwa miezi michache, kwake na kwa aliyepewa. Hata hivyo, mtoaji naye hupasuliwa, na wako waliokufa kwa kutoa. Kwa hivyo ni dhuluma jamaa kumkalisha kijana barazani na kumtia haya mpaka akubali. Hiari ya haya si hiari.

Tatu, maisha baada ya kupasuliwa. Mwili huliona ini jipya kuwa ni adui na hulipiga vita. Ndipo mgonjwa hupewa dawa, kama takrolimasi, azitumie kwa saa zake maisha yake yote. Asiseme, "Nimepona," akaziacha. Wala asiziache kwa ajili ya kombe, hirizi au dawa za miti. Dawa hizo hudhoofisha kinga ya mwili, basi ajiepushe na maziwa mabichi na nyama isiyoiva. Na balungi asile, kwani huzidisha nguvu ya dawa mwilini. Ama Ramadhani, asifunge mpaka amuulize tabibu wake. Akikatazwa daima, atalisha maskini, na ruhusa hiyo ni rehema, si aibu.

Mwisho, kinga ni bora. Ipo chanjo ya homa ya ini aina ya B. Wachanjeni watoto wenu. Na ulevi, ulioharamishwa, ni miongoni mwa viharibuo ini.

Nasi wenye elimu, tukiulizwa tusikawie: mgonjwa hangoji.

Wabillahi tawfiq.