Shavu la Karani

Somo: Yohana 18:19–23, Mathayo 5:38–39



Tarehe 13 Juni 2024, katika mahakama ya Makadara, Nairobi, hakimu Monica Kivuti alifutilia mbali dhamana ya mshtakiwa. Mume wa mshtakiwa, afisa wa polisi, akampiga risasi. Hakimu akafariki siku mbili baadaye. Tangu hapo nimesikia wengi wakisema: anayeshambulia wafanyakazi wa mahakama aongezewe adhabu.

Nimejiuliza, kwa nini? Mbele za Mungu, shavu la karani lina thamani kuliko la mama mboga? La hasha. Tena Bwana Yesu alitufundisha kugeuza shavu la pili.

Lakini shavu ninaloweza kugeuza ni langu. Karani akipigwa kwa sababu ya faili aliloshika, kofi hilo linamfikia pia mjane aliye kwenye foleni na kesi yake ya shamba. Kesho karani ataogopa jirani mwenye nguvu, na mjane atakosa haki. Hata Yesu, alipopigwa kofi mbele ya kuhani mkuu, hakunyamaza. Aliuliza kosa lake ni lipi.

Kwa hivyo naunga mkono adhabu kali. Ila tusijidanganye: sheria yetu tayari ina hukumu ya kifo kwa muuaji, na haikuuzuia mkono ule. Adhabu inatangaza tunachothamini. Moyo haiubadilishi.

Najua, kwa sababu mwaka jana nilimsindikiza ndugu yangu kortini. Tukaambiwa mara ya tatu, ati faili halionekani. Nikagonga kaunta, nikamfokea yule dada mpaka akarudi nyuma. Mimi, mchungaji! Lalamiko letu lilikuwa la haki, lakini hasira yangu haikuwa. Sikumgusa, kwa hivyo hakuna aliyenishika. Roho Mtakatifu ndiye aliyenishika, ndani ya matatu, nikirudi nyumbani.

Wiki iliyofuata nilienda kumwomba msamaha. Akaniambia, "Pasta, wengi hufoka. Wewe ndiye wa kwanza kurudi."

Mpendwa, ukicheleweshewa kesi ama ukiombwa hongo, usinyamaze. Andika malalamiko, yapeleke kwa Ombudsman wa Mahakama. Lakini kama kuna mtu uliyemfokea kwenye dirisha la ofisi yoyote, rudi kwake wiki hii.

Mungu akubariki.