Si Ulijitakia?

Huku Eastlands kuna neno moja ambalo linajitosheleza bila sentensi. Ulijitakia. Mama mboga analisema huku akikatakata sukuma, konda analisema akihesabu chenji, jirani analisema amesimama mlangoni na kikombe cha chai. Msichana akipata mimba kidato cha tatu: si alijitakia? Jamaa wa nduthi akigongwa pale Outering: alikuwa anapenya katikati ya malori, alijitakia. Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu, nikaanza kuandika kwa malipo ya makala moja moja. Kodi ikichelewa, neno ni lile lile. Nilikuwa nimelizoea kabisa, mpaka sikio langu lilipougua.

Nilitogwa sikio la kushoto mwaka jana. Si kwenye ndewe, ile nyama laini ya chini, bali juu kwenye ukingo, penye gegedu. Ni kitu nilichokitamani kwa miaka mitatu. Nilitafuta mtu anayetumia sindano mpya, si bunduki ya kutobolea, maana bunduki husukuma kipuli kwa nguvu na kuponda gegedu. Nikaelezwa jinsi ya kuosha kwa maji ya chumvi, nisizungushe kipuli, nisilalie upande ule. Nikafuata. Wiki ya tano sikio likavimba, likawa jekundu na moto, na usiku nikawa nasikia moyo ukidunda ndani yake.

Ndewe ina damu ya kutosha. Ukiitoboa, kwa kawaida hupona kwa wiki 6 hadi 8. Gegedu halina mishipa yake ya damu. Linalishwa na utando mwembamba uliolifunika, ndiyo maana tundu la huko juu linaweza kuchukua miezi 6 hadi mwaka mzima kupona. Viini vikiingia na usaha ukajikusanya kati ya utando na gegedu, gegedu linakatiwa chakula. Likifa halioti tena, na sikio linajikunja na kubaki hivyo. Kiini kinachopenda sana kufanya kazi hiyo kinaitwa Pseudomonas. Hupenda maji na unyevu, na amoksilini, ile dawa ambayo kila kemisti ya mtaa itakuuzia kabla hujamaliza kueleza shida, haikiwezi.

Sasa fikiria maisha ya mtaa. Maji ni ya mgao, yanakuja siku mbili kwa wiki na kukaa kwenye mitungi ya lita 20. Abiria wa nduthi anavaa helmeti iliyovaliwa na watu kumi kabla yake. Jioni kwenye matatu kichwa chako kiko kwenye bega la mtu, na bega la mwingine liko sikioni mwako. Mimi nilichagua tundu. Hayo mengine niliyakuta.

Nilikwenda kituo kimoja cha afya mtaani. Foleni ilikuwa ndefu: akina mama na watoto wa chanjo, mzee mmoja na kikohozi chake. Mhudumu wa pale mbele akaangalia sikio langu, akaangalia uso wangu, akasema kwa sauti ya kusikika na wote: "Kijana, hii si ulijitakia?" Watu wakacheka, si kwa ubaya sana. Ndani nikakuta daktari mwingine. Yeye aliuliza maswali mawili tu: imeanza lini, na umetumia dawa gani. Akapasua kidogo, akatoa usaha, akaniandikia siprofloksasini na siku ya kurudi. Wote wawili walikuwa wamechoka, na wote waliona sikio lile lile. Tangu siku hiyo nimejiuliza ni kitu gani hasa mmoja alikiona na mwingine hakukiona, au hakukijali.

Jibu la haraka ni kwamba yule wa kwanza aliona uchaguzi. Ugonjwa wa kujiletea si sawa na ugonjwa ulioletewa. Inaonekana ni haki: huruma iende kwanza kwa asiyekuwa na la kufanya. Lakini nenda Camp Toyoyo pale Jericho Jumapili mchana. Beki akivunjika mguu, uwanja mzima utaingia kumbeba. Hakuna atakayemwambia alijitakia, ingawa hakuna aliyemlazimisha kuvaa njumu. Mama akijifungua mtoto wa tano kwa shida, tunachanga. Jamaa wa mjengo akianguka kutoka ghorofa ya tatu, tunachanga. Wote hao walichagua kitu chenye hatari, wakiijua hatari yenyewe.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa wachezaji wa raga. Angalia masikio ya baadhi yao, hasa wale wanaosukumana kwenye skramu: yamevimba, yamejikunja, magumu kama koliflawa. Hutokea hivi: sikio linagongwa, damu inajikusanya kati ya utando na gegedu, gegedu linakosa chakula, linakufa. Ni kifo kile kile kilichokuwa kinanisubiri mimi, kwa damu badala ya usaha. Lakini sikio lile tunaliita alama ya ushujaa. Aprili 2016, Kenya iliposhinda raga ya wachezaji saba kule Singapore, nchi nzima ilipiga kelele, na hakuna aliyeuliza ni nani aliyewatuma wakaumie.

Kwa hiyo neno hili halihusu uchaguzi, hata kama linajifanya hivyo. Linahusu tamaa tunazoziheshimu na tamaa tunazozidharau. Ukiumia ukitafuta kitu tunachokithamini, ulijitolea. Ukiumia ukitafuta kitu tusichokielewa, ulijitakia.

Mathe ndiye aliyenifunulia hili bila kukusudia. Aliona bandeji, akasema, "Mungu alikupa mashimo ya kukutosha." Nikamkumbusha guka, baba yake mwenyewe, aliyekuwa na ndewe ndefu zilizoning'inia karibu na taya, na matundu ambayo sisi watoto tulikuwa tunapitisha vidole. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Hao walikuwa na sababu."

Ni kweli, walikuwa nayo. Kwa Wakikuyu wa zamani kutogwa masikio kulikuwa hatua ya kukua, mtoto akielekea kutahiriwa. Wamaasai hutoga ndewe na kuzivuta, na wengi hutoboa pia juu, kwenye gegedu, waning'inize shanga. Wanawake wa pwani walijaza masikio yao majasi. Bila shaka na wao waliota usaha, maana gegedu la zamani halikuwa na mishipa kuliko langu. Tofauti ni kwamba kidonda chao kilikuwa na kijiji nyuma yake. Tamaa yao ilikuwa na jina. Yangu ina sababu moja tu: nilitaka kujitazama kwenye kioo nione kitu nilichokiamua mwenyewe. Ukiwa na miaka ishirini na kitu, huna shahada, unalipwa wakati mhariri akikumbuka, hiyo si sababu ndogo. Lakini hata kama ingekuwa ndogo, maumivu hayakuwa madogo kwa kiasi hicho.

Kuna atakayeniambia ninakuza jambo. Ni sikio tu. Sawa, ni sikio. Lakini neno hili limefanya kazi kubwa zaidi nchini humu. Kisa cha kwanza cha Ukimwi Kenya kilitambuliwa mwaka 1984. Serikali iliutangaza kuwa janga la kitaifa Novemba 1999. Sababu za kuchelewa zilikuwa nyingi, ila wanaokumbuka miaka hiyo watakuambia minong'ono ya matanga: huyu aliambukizwa na mumewe, maskini, yule alitafuta mwenyewe. Wagonjwa waligawanywa wenye hatia na wasio na hatia, wakati ugonjwa ulikuwa mmoja na dawa iliyohitajika ilikuwa moja. Na aliyeogopa kuambiwa alijitakia hakwenda kupimwa. Hapo ndipo neno linapoua: linamfanya mtu afiche kidonda mpaka kiwe kikubwa. Kwa gegedu, siku chache za kuficha zinatosha kupoteza sikio.

Pingamizi zito ni la rasilimali. Dawa ni chache, foleni ni ndefu, kwa nini wa kipuli asubiri mstari mmoja na mtoto mwenye homa ya mapafu? Nakubali, mtoto apite kwanza. Lakini apite kwa sababu hali yake ni mbaya zaidi. Tukianza kupanga foleni kwa usafi wa sababu, itabidi tumhoji kila mmoja: huyu mzee wa kikohozi alivuta sigara? Yule wa sukari alikunywa soda ngapi? Foleni nzima itaisha, maana ni wachache walioumia bila mkono wao kugusa popote. Na ni wachache pia walioumia kwa mkono wao peke yake. Baada ya usaha kukauka, nilibaki na hofu ya keloidi, lile kovu linaloota kupita kidonda. Huwapata zaidi watu wa ngozi nyeusi, masikio ni mojawapo ya mahali linapopenda, linaweza kuwa la kurithi, na ukilikata tu bila tiba nyingine mara nyingi hurudi. Sikujichagulia ngozi. Kwangu kovu lilikuwa dogo, kama punje ya mtama. Mwingine aliyetogwa kwa sindano ya aina hiyo hiyo anaweza kuota la ukubwa wa yai, na ni yeye tutakayemwambia alijitakia zaidi.

Wazee walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali inaishia kwenye guu lililovunjika. Haisemi aachwe pale alipoanguka.

Sisemi hakuna wajibu. Dawa nilinunua kwa pesa zangu, usiku nilikesha mwenyewe, na kodi ya keja hii nitailipa mimi, si waliosema nisiache chuo. Gharama ya ninachokichagua ni yangu na siitupii mtu. Lakini kubeba gharama ni jambo moja, na kunyimwa huruma ni jambo jingine. La kwanza ndilo linaloufanya uchaguzi uwe wangu. La pili halimfundishi mtu chochote, isipokuwa kunyamaza anapoumia. Na huku mtaani tayari kuna watu wengi walionyamaza.